Kisa cha mtunza vipuri: kazi zilikuwepo mtandaoni, kwa majina mengine

Mhusika wa kisa hiki ni dada wa miaka ishirini na kitu, mkazi wa mtaa wa Umoja jijini Nairobi, mwenye diploma ya ununuzi na ugavi. Kwa miaka minne alitunza stoo ya duka la vipuri vya magari kwenye barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wa gereji bado huiita Grogan. Duka lilipofungwa, akageukia simu. Ameniruhusu niandike habari zake mradi nisimtaje yeye, wala duka, wala mahali anapofanya kazi sasa.

Tulipokutana alikuwa ameshasaka kazi kwa miezi. Alisaka kwa bidii, na hilo nalisema mapema kwa sababu hapa Nairobi mtu akikosa kazi watu hukimbilia kusema anachagua. Kila asubuhi alinunua bando, akapitia makundi ya Telegram na WhatsApp, akatuma maombi hadi bando likaisha. "Mwalimu, nimetuma mpaka nimesahau nimetuma wapi," aliniambia. Nilimfundisha kompyuta zamani, na jina hilo halijanitoka. Katika muda wote huo alipigiwa simu mara mbili tu. Ya kwanza ilitaka pesa. Ya pili ilitoka kwa kampuni ya bima iliyokuwa ikitafuta mawakala wa kulipwa komisheni.

Alikuja na CV iliyochapishwa, akitaka niirekebishe. Nikamwambia, "Hiyo iweke kando kwanza, dada. Nionyeshe simu." Nilitaka kuona historia ya kivinjari, yaani maneno aliyokuwa akiyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Wengi wanaoniletea CV wana CV ya kutosha tu. Kinachowaponza kiko kwenye kisanduku kile.

Alichokuwa akiandika

Maneno manne yalijirudia: jobs in nairobi, urgent jobs nairobi, jobs no experience kenya, na procurement jobs.

Tuanze na mawili ya mwanzo. Hakuna mwajiri anayeandika "urgent jobs nairobi" kwenye tangazo lake. Anayeandika hivyo ni mwenye tovuti anayewinda watu wanaotafuta hivyo, apate kuwaonyesha matangazo ya biashara. Ukiyaandika maneno hayo unapelekwa kwake moja kwa moja, na ndiyo maana dada huyu alikuwa akizunguka kwenye kurasa zile zile, kila moja ikimtaka abofye mara tatu kabla ya kuona kazi yenyewe.

La tatu liliniuma zaidi. Huyu ni mtu wa miaka minne ndani ya stoo. Rafiki yake alimwambia kazi zisizodai uzoefu ndizo rahisi kupata, basi akakiweka kando kitu pekee kilichomtofautisha na umati wa waombaji wengine. Alicholetewa ni kuuza sabuni mlango kwa mlango, kazi za ndani ughaibuni, na ahadi za kulipwa kwa kutazama video.

La nne linaeleweka, maana ndilo jina la kozi aliyosomea. Lakini matangazo mengi yenye neno procurement hutafuta maafisa na mameneja, na hudai digrii pamoja na uanachama wa KISM, taasisi ya wataalamu wa ugavi iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2007. Aliomba hizo pia. Hazikujibiwa, na sioni ajabu.

Jumatatu moja pale dukani

Nikamwomba asahau vyeo, anisimulie Jumatatu moja tangu anapofungua mlango mpaka anapoufunga. Hapo tulikaa muda mrefu, na sijutii.

Fundi anakuja na kipuri kilichovunjika, au na namba ya chesi, ile inayolitambulisha gari, iliyoandikwa nyuma ya pakiti ya sigara. Yeye anafungua katalogi, anatafuta namba ya kipuri, anaangalia kama mtengenezaji ameibadilisha namba hiyo na kuipa mpya. Anajua kipuri cha gari la mwaka huu kitaingia kwenye la mwaka ule, na kipi hakitaingia hata kwa nyundo. Anatoa bidhaa, anapunguza kwenye kadi ya rafu na kwenye Excel. Mwisho wa mwezi anahesabu stoo nzima na kumweleza mwenye duka kwa nini filta za oili zimepungua. Mzigo wa Dubai ukifika anaupokea, anaulinganisha na invoisi, anatenga ulioharibika na kuuandikia madai.

Alisimulia haya yote kama mtu anayeeleza jinsi ya kuchemsha maji. Kumbe kila sentensi ina jina lake kwenye matangazo, na majina hayo ni ya Kiingereza kwa sababu waajiri wa Nairobi huandika matangazo kwa Kiingereza hata kama stoo yenyewe inaendeshwa kwa Kiswahili na Sheng. Anayepokea na kupanga mzigo hutafutwa kama storekeeper, stores clerk, warehouse clerk au warehouse assistant. Anayehesabu na kulinganisha ni inventory clerk, stock controller, inventory controller. Anayeagiza ni purchasing assistant. Na ile shughuli ya katalogi na namba ya chesi, ambayo yeye aliiona kuwa sehemu tu ya kumhudumia mteja, kwa wauzaji wa magari na mitambo ni cheo kamili: parts interpreter. Hakuwahi kukisikia. Dukani kwao aliitwa "msichana wa stoo".

Tulikiandika kwenye Google ndani ya alama za usemi, tukaongeza Nairobi. Matokeo yalikuwa machache, na hilo lilimvunja moyo kidogo kwa sababu alizoea kurasa zisizoisha. Nikamwambia asome hayo machache kwanza. Karibu kila moja lilieleza kazi aliyokwisha kuifanya kwa mikono yake.

Kisha tukatunga utafutaji mpana zaidi:

"storekeeper" OR "store keeper" OR "stores clerk" Nairobi -internship

Alama za usemi huitaka Google itafute maneno hayo hasa, kwa mpangilio huo. OR huandikwa kwa herufi kubwa, na huleta ukurasa wenye lolote kati ya hayo. Kistari kilichogusana na neno huondoa kurasa zenye neno hilo. Kitumiwe kwa uchache, maana ukiandika -sales kitafagia hata tangazo zuri la stoo linalotaja idara ya mauzo. Storekeeper tuliliandika kwa njia mbili kwa makusudi, kwa kuwa waajiri wetu huliandika kwa njia zote mbili na ndani ya alama za usemi mashine huyaona kama maneno tofauti. LinkedIn, mtandao wa wanataaluma na waajiri, nayo inakubali alama za usemi, AND, OR na NOT kwenye kisanduku chake, zote kwa herufi kubwa.

Baada ya hapo ni suala la tarehe. Google ina kichujio cha wiki iliyopita, na pia unaweza kuandika after: ikifuatwa na mwaka-mwezi-siku. LinkedIn ina kichujio cha saa 24. Wanaopenda kuchokora watagundua kwamba ukikiwasha, anwani ya ukurasa hupata maneno f_TPR=r86400; hiyo 86,400 ni idadi ya sekunde katika siku moja, na ukiibadilisha kuwa 14400 unaletewa yaliyowekwa ndani ya saa nne. Dada huyu aliipenda hiyo kuliko kitu kingine chochote nilichomwonyesha. Mimi naiona kuwa mchezo. Faida yake iko kwenye kazi zinazojaza waombaji mamia kabla ya jioni, na kazi ya vipuri haiko hivyo.

Mahali

Kaunti ya Nairobi inaisha mapema kuliko ajira zake. Athi River iko Machakos. Ruiru na Tatu City ziko Kiambu, na Tilisi pia, upande wa Limuru. Kitengela ni Kajiado. Maghala mengi ya kisasa yamejengwa huko nje ambako kuna ardhi, na tangazo lake huwekwa chini ya kaunti yake au mji wake. Anayechuja kwa Nairobi peke yake hayaoni, ilhali wafanyakazi wa maghala hayo hupanda matatu kutoka Eastlands kila alfajiri.

Tuliongeza Athi River, Syokimau, Embakasi na Ruiru. Tilisi tuliitoa. Kutoka Umoja hadi Limuru na kurudi kila siku, kwa mshahara wa karani wa stoo, ni hesabu isiyofunga, na afadhali kuipiga kabla ya kuomba kuliko baada ya kuajiriwa.

Tangazo la Gigiri

Sasa turudi kwenye ile simu iliyotaka pesa.

Tangazo lilimfikia kupitia kundi la WhatsApp. Shirika kubwa la kimataifa lenye ofisi Gigiri, lilisema, linahitaji wasaidizi wa ghala, mshahara mnono, bima ya familia, waanze mara moja. Nembo ilikuwepo. Alituma CV kwa anwani ya Gmail iliyotolewa. Kesho yake akapigiwa simu na mtu mwenye Kiingereza kizuri, akaulizwa maswali mawili matatu, akapongezwa, akatakiwa atume nakala ya kitambulisho, PIN ya mamlaka ya mapato, KRA, na vyeti vyote, kisha ada ya uchunguzi wa afya kwa M-Pesa. Kilichomwokoa ni kwamba alipoweka namba, jina lililotokea kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mtu binafsi. Akasita, akaacha. Pesa haikwenda. Kitambulisho kilikuwa kimeshakwenda.

Tulirudi kwenye tangazo lile, tukanakili sentensi moja kutoka katikati yake, moja yenye maneno yasiyo ya kawaida, tukaibandika Google ndani ya alama za usemi. Ikatokea kwenye kurasa kadhaa, neno kwa neno, ila mji umebadilika, jina la shirika limebadilika, makataa yamesogezwa. Kwenye tovuti ya shirika lenyewe haikuwepo. Kazi hiyo yote ilichukua muda mfupi kuliko kuandaa barua moja ya maombi.

Kuna mengine ambayo mtu angeweza kuyaona. Umoja wa Mataifa, ambao makao yake ya hapa yako hapo Gigiri, husema waziwazi kwenye kurasa zake za ajira kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, na maombi ya sekretarieti yake hupitia careers.un.org. Mashirika makubwa hutoa namba ya kumbukumbu na makataa yenye saa. Anwani ya tovuti nayo huzungumza, ingawa watu huitegemea kupita kiasi: .go.ke hupewa taasisi za serikali tu, lakini .co.ke yeyote anaweza kuinunua, kwa hiyo yenyewe haithibitishi kitu. Ukiitilia shaka, KeNIC, wasimamizi wa .ke, wana huduma ya kuangalia tovuti ilisajiliwa lini. Kampuni inayojigamba kuwa na miaka ishirini sokoni haina sababu ya kuwa na tovuti ya wiki tatu. Na kama anayekupigia anadai kuwa wakala wa ajira, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, huweka mtandaoni orodha ya mawakala waliosajiliwa.

Kuhusu vyeti, hapa kuna jambo ambalo watafuta kazi wengi bado hawajalisikia. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ya 2007 ilirekebishwa: mwajiri hapaswi kumdai mwombaji vyeti vya kuthibitishwa, kama vile vya HELB (mikopo ya elimu ya juu), CRB (rekodi za mikopo), EACC (maadili na kupambana na rushwa), KRA na cheti cha mwenendo mwema cha idara ya upelelezi, DCI, isipokuwa pale anapokusudia kuingia naye mkataba. Dada huyu alikuwa amelipia baadhi ya vyeti hivyo kwa sababu tangazo moja liliviorodhesha kama sharti la kuomba. Taasisi nyingi, za umma hasa, bado huviorodhesha, na sitamwambia mtu apigane na tangazo la kazi anayoihitaji. Lakini kujua sheria kunasaidia kupanga foleni ya matumizi: CV na barua kwanza, vyeti baadaye. Nakala ya kitambulisho isiende popote kabla ya kujua aliyeko upande wa pili ni nani.

Mbinu ile ya kunakili sentensi tuliitumia pia kwa matangazo halali, na hapo ndipo tulipojua bando lake lilikoishia. Tulichukua maombi aliyoyakumbuka, moja baada ya jingine, tukatafuta asili ya kila tangazo. Mengi yalikuwa ya kweli. Yalikuwa pia yamefungwa. Kampuni iliweka tangazo kwenye ukurasa wake, tovuti moja ikalinakili, blogu ikanakili tovuti, mwenye kundi la Telegram akanakili blogu na kukata mstari wa makataa ili lionekane bichi. Tangazo linalofika namna hiyo ni kama maziwa yaliyopita mikono mitano, kila mkono umeongeza maji. Mawili kati ya hayo yalikuwa yanataka maombi yapitie kwenye mfumo wa kampuni, na yeye aliyatuma kwa barua pepe ya mtu asiyejulikana. Kimya alichokipata hakikuwa cha mwajiri. Mwajiri hakuwahi kumsikia.

Tangu hapo alijiwekea sharti: tangazo lolote la kwenye kundi ni fununu, na maombi hayaondoki mpaka chanzo kipatikane. Idadi ya maombi yake kwa wiki ilishuka sana. Mama yake alilalamika kwamba binti amekuwa mvivu.

Waajiri kwanza, matangazo baadaye

Sehemu hii ndiyo ninayoiamini zaidi, na ndiyo watu huichoka upesi kwa sababu haionekani kama kutafuta kazi.

Badala ya kuuliza nani ametangaza, tuliuliza nani ana stoo ya vipuri. Swali la pili lina majibu hata siku ambayo hakuna tangazo. Tulifungua Google Maps, tukatafuta wauzaji wa magari, malori, matrekta, jenereta na mitambo kando ya Mombasa Road, kisha Industrial Area barabara kwa barabara: Enterprise, Lunga Lunga, Lusaka, Dunga. Kampuni kama Isuzu East Africa au Mantrac, mawakala wa Caterpillar, kila mtu anazijua. Za katikati, zenye karakana na stoo lakini bila jina kubwa, ndizo zilizojaa kwenye ramani. Tuliongeza wanachama wa chama cha sekta ya magari, KMI, na baadhi ya wanachama wa muungano wa wenye viwanda, KAM, kwa sababu kiwanda chochote chenye mashine kina stoo ya vipuri vya mashine. Kampuni za mabasi na za usafirishaji wa mizigo nazo zina stoo. Hizo yeye ndiye aliyezikumbuka. Baadhi ya madereva wao walikuwa wateja wake Kirinyaga.

Kila jina likaingia kwenye jedwali la simu pamoja na anwani ya ukurasa wake wa ajira. Zisizo na ukurasa wa ajira tuliandika barua pepe ya ofisi. Kampuni nyingi za kimataifa huendesha maombi kupitia mifumo ya kukodi, na mifumo hiyo inaweza kutafutwa kwa pamoja:

site:myworkdayjobs.com Nairobi warehouse

Amri ya site: huibana Google kwenye tovuti moja, hapa ile ya mfumo wa Workday, au kwenye tovuti zote zenye mwisho mmoja. Ukiandika site:co.ke "parts interpreter" unapata kurasa za Kenya zinazotaja cheo hicho, zikiwemo za kampuni ambazo hukuwa unazijua.

LinkedIn tuliitumia kinyumenyume. Alitafuta watu, siyo kazi: nani Nairobi amejiandika parts interpreter au parts clerk? Kisha akasoma walikopita kabla. Historia za watu watano au sita zilitoa majina ya waajiri ambayo ramani haikuyatoa, na zikaonyesha pia kwamba wengi wao walianza kama makarani wa stoo, njia ile ile aliyopitia yeye. Alimwandikia mmoja wao ujumbe mfupi. Hakuomba kazi, aliuliza kampuni yao huweka matangazo wapi. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, la mistari miwili, la heshima: huanzia kwenye tovuti yao, yakikosa watu ndipo hupelekwa kwingine. Ujumbe kama huo una thamani kuliko ule wa "naomba uniunganishe", ambao mtu mwenye kazi hupokea kila wiki na hana la kuujibu.

Tovuti za ajira hatukuzitupa. BrighterMonday, Fuzu na MyJobMag zina waajiri wa kweli, na alifungua akaunti na kuweka arifa kwa vyeo vile tisa, kila kimoja peke yake. Arifa za Google aliziweka pia, ingawa kwangu hizo hupitwa na vitu vingi. Za serikali zina utaratibu wao: Tume ya Utumishi wa Umma ina mfumo wake wa maombi, nayo matangazo ya wizara na mashirika ya umma hutoka kila Jumanne kwenye MyGov, gazeti la serikali. Aliongeza Jumanne hiyo kwenye ratiba yake.

CV, ile aliyokuja nayo, ilipata jioni moja. Tuliondoa picha, dini, jedwali la safu mbili ambalo huichanganya mifumo ya kompyuta, na aya ya malengo ya maisha. Tukaweka vyeo kama waajiri wanavyoviandika, aina za katalogi alizozitumia, aina za magari, ukubwa wa stoo aliyoihesabu, Excel. Jina la faili likawa jina lake na cheo. Hakuna zaidi.

Kilichotokea

Kazi ilipatikana kwenye ukurasa wa kampuni mojawapo ya zile za katikati, upande wa Mombasa Road, ambao alikuwa akiupitia kila Jumatatu na Alhamisi. Cheo hakikuwa hata kimoja kati ya vile tulivyokuwa tumeviwekea arifa. Mwajiri alichanganya neno la ghala na neno la vipuri kwa namna yake, na hakuna arifa iliyokinasa. Sikuwahi kuliona tangazo hilo kwenye kundi lolote, wala yeye.

Waombaji walioitwa mahojiano walipewa namba ya chesi na katalogi kwenye kompyuta, wakaambiwa watafute kipuri fulani. Anasema kijana mmoja mwenye digrii alikaa akiitazama skrini. Yeye alikipata, akawaeleza pia kwamba namba iliyo kwenye ukurasa ule ni ya zamani na imeshabadilishwa. Aliyekuwa akimhoji, mzee wa karakana, akamuuliza alijifunzia wapi. "Grogan," akajibu, na mzee akacheka.

Nikiulizwa ni hatua gani hasa iliyomfikisha pale, nitataja jedwali la waajiri kabla ya kitu kingine chochote. Amri za Google zilitusaidia kulijenga, na vyeo vilitusaidia kujua wa kuwaweka ndani, lakini tangazo lenyewe lilipatikana kwa kurudi kwenye ukurasa ule ule mara mbili kwa wiki, jambo ambalo halihitaji ujuzi wowote. Yeye haafikiani nami. Anasema bila lile neno parts interpreter asingejua kwamba kampuni za namna hiyo zingemtaka, na kila akiona stoo angeendelea kujiona msichana wa kutumwa.

Mkataba ni wa miezi sita, mshahara uko chini kidogo ya alioutaja kwenye mahojiano, na kwenda kazini anapitia barabara ya Outer Ring. Kwa kuwa mkataba una mwisho, jedwali bado analo. Kampuni zilizothibitika kutoajiri amezifuta, ameongeza cheo cha msimamizi wa vipuri kwenye arifa zake, na ameanza kuuliza KISM inataka nini kwa mtu mwenye diploma. Siku hizi hupitia kurasa zile Alhamisi peke yake, jioni, akiwa kwenye matatu.